Kinachomuua mbwa leo, kesho kitamkuta mtoto

Mwezi huu tunazungumza habari za mbwa. Najua wapo watakaocheka na kusema: "Posho ya watu yenyewe haitoshi, leo mnatuletea mambo ya mbwa!" Ngojeni kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mcheke mkitaka.

Kwetu tulikuwa na mbwa anaitwa Watasema. Jina hilo alimpa mama watoto, maana siku tulipomleta majirani walisema sana. Alikuwa mbwa wa kawaida tu, rangi ya udongo, sikio moja limekatika. Lakini kazi yake aliijua. Usiku alilinda mbuzi wetu wawili na kuku. Mchana alimfuata binti yetu mkubwa akienda kutafuta kuni, na sisi wazazi tulibaki na moyo umetulia kidogo.

Basi, panya wakatoboa gunia la unga. Wewe unayekula posho unajua maana yake: unga ukipungua hakuna pa kuongezea. Nikanunua kipakiti cha dawa ya panya kwa kijana mmoja anayepita na kapu. Kilikuwa kijifuko cha nailoni kimefungwa fundo, hakina jina, hakina maandishi. Nikaipaka dawa kwenye ndagala sita, nyingine nikaziweka nyuma ya gunia, nyingine chini ya kitanda. Nikalala nikijiona fundi.

Alfajiri mama watoto akaniita: "Baba, amka! Watasema anatetemeka." Nikatoka mbio. Mate yanamchuruzika, anajikojolea, miguu imekakamaa. Nikafanya nilichoona wakubwa wakifanya kule Fizi nilipokuwa mdogo. Nikampanua kinywa kwa nguvu, nikammiminia maziwa, halafu maji ya chumvi ili atapike. Jino lake likanichubua kidole, nikajipangusa kwenye suruali. Kabla jua halijapanda Watasema alikuwa amekufa. Watoto walilia kama wamefiwa na ndugu.

Lakini kilichoniondolea usingizi kilikuja baadaye. Mama watoto alisema tufagie nyumba yote, tukusanye ndagala zilizobaki. Tukapata mbili. Mojawapo ilikuwa imeburutwa na panya mpaka kwenye mkeka, pale pale anapochezea kitinda mimba wetu wa mwaka mmoja na nusu. Kama mbwa asingekufa, tusingefagia.

Ndiyo maana naandika.

Kilo kumi ni kilo kumi

Mbwa wetu wengi wana uzito wa kilo 10 mpaka 20. Mtoto wa miaka miwili ana kama kilo 10 mpaka 12. Sumu haiulizi huyu ni nani, inaangalia mwili ni mkubwa kiasi gani. Kipande kinachotosha kumuua mbwa mdogo kinatosha kumuumiza mtoto vibaya sana.

Tena tabia zao zinafanana. Wote wako chini sakafuni. Wote wanajua kitu kwa kukitia mdomoni. Wote hawajui kusoma. Kwa hiyo ukitaka kujua nyumba yako ina hatari gani kwa mtoto, piga magoti, uitazame kwa macho ya mbwa.

Dawa za panya: si moja

Watu tunasema "dawa ya panya" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ziko za aina nyingi, na kila moja inaua kwa njia yake.

Ipo ya unga wa kijivu cheusi, yenye harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Hiyo ikifika tumboni inatoa hewa ya sumu. Mbwa anatapika, pengine damu, tumbo linajaa, anahema kwa shida. Dalili zinaweza kuanza katika dakika chache au saa chache. Huyo usimpe chakula, maana chakula kinaongeza asidi ya tumbo na ile hewa inazidi. Wala usiinamie matapishi yake, kwani hewa hiyo inakudhuru hata wewe. Mweke nje, mahali penye upepo.

Ipo ya vidonge au punje za rangi, kijani, bluu au nyekundu. Hiyo inazuia damu isigande. Ni ya ujanja sana: mbwa akila leo, leo anacheza na kesho anacheza. Baada ya siku mbili mpaka tano ndipo anaishiwa nguvu, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani au kwenye haja, au inavuja ndani kwa ndani. Tiba yake ipo, ni vitamini K1, lakini inatolewa na daktari kwa wiki kadhaa. Mtoto akila hiyo, usiseme "mbona ni mzima." Mpeleke siku hiyo hiyo.

Na ipo hii ya kwenye vijifuko visivyo na jina, kama niliyonunua mimi. Mara nyingi ni dawa ya wadudu wa shambani iliyofunguliwa na kupimwa upya. Dalili zake ni zile za Watasema: mate, machozi, mkojo, kuharisha, kutetemeka, mboni ya jicho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Inaua haraka. Daktari anayo dawa ya kuipunguza nguvu, lakini akijua ni sumu gani anaanza tiba mapema. Kijifuko kisicho na jina hakimwambii kitu. Basi tusinunue dawa isiyo na maandishi, hata ikiwa rahisi namna gani.

Jambo moja zaidi. Mbwa au paka anaweza kufa kwa kula panya aliyekufa kwa dawa. Kuku naye anadonoa chambo. Na hapa nawaambia akina mama wenzetu: kuku aliyekutwa amekufa bila kujulikana sababu asiingie sufuriani. Najua inauma kutupa nyama, lakini sumu haiondoki kwa kuchemshwa.

Dawa ya kupe, dawa ya shamba, oili chafu

Mbwa akiwa na kupe na viroboto, wengi tunachukua dawa ya ng'ombe au ya mboga tunampaka kwa kukisia tu. Dawa hizo zinapimwa kwa maji mengi, kila moja na kipimo chake. Ukimpaka ikiwa nzito, inapita kwenye ngozi, na nyingine anailamba. Anaanza kulegea, kuyumba kama mlevi, au kutetemeka. Ikitokea hivyo, vaa mifuko ya nailoni mikononi, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mkaushe asipate baridi.

Wengine wanampaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari. Oili haiui upele ikaacha mbwa. Anailamba, inamuunguza ngozi na kumharibu ndani. Kwa upele muulizeni bwana mifugo.

Na paka je? Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini inaweza kumuua paka. Usimpake.

Vidonge vya watu

Mtu anaona mbwa anachechemea, anamwonea huruma, anampa panado. Huruma hiyo inaweza kuua. Parasetamoli ikizidi inaharibu ini la mbwa na damu yake, ufizi unageuka kahawia. Kwa paka kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki zinamtoboa tumbo na kuharibu figo.

Wapo kati yetu wanaomeza dawa za kifua kikuu. Kati yake kuna isoniazidi, ambayo kwa mbwa ni sumu kali: vidonge vichache vinamletea degedege mpaka kifo. Mgonjwa aweke dawa zake juu, ndani ya kopo lenye kifuniko.

Na hapa wazazi nisikilizeni vizuri. Vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito kliniki, vyenye madini ya chuma, vingine ni vyekundu na vimepakwa sukari kwa nje. Mtoto anaona peremende. Vikizidi ni sumu kwa mbwa na ni sumu kwa mtoto mdogo, na vimeua watoto katika nchi nyingi. Usiviweke chini ya mto, usiviweke kwenye pochi inayoning'inia chini. Na ukimpa mtoto dawa, usimwambie "kula pipi."

"Hiyo ya ukungu mpe mbwa"

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa, maana tunalifanya kwa nia njema. Mahindi yamelowa mvua, yameota ukungu wa kijani au mweusi. Mama anachagua mazuri kwa watoto, mabovu anamsongea mbwa bugali. Anaona ameokoa chakula.

Ukungu huo unaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini. Haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowashinda haraka. Anakataa chakula, anatapika, macho na ufizi vinakuwa vya njano, mkojo unakuwa mweusi, anatoka damu, anakufa. Kama kijijini kwenu mbwa wawili watatu wamekufa hivyo ndani ya muda mfupi, msiseme ni uchawi. Angalieni kwanza mahindi.

Maana watu nao wanakufa. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikatokea Tanzania, Dodoma na Manyara, na huko pia watu walifariki. Hawakula kitu cha ajabu. Walikula ugali wa nyumbani.

Basi mahindi ya ukungu si ya mbwa wala ya kuku. Ukipokea posho iliyoota ukungu, usiondoke nayo kimya. Waonyeshe wagawaji hapo hapo, au mwambie kiongozi wa kijiji. Nyumbani, gunia lisikae chini kwenye udongo. Weka mawe na mbao, liinuke, lisiguse ukuta. Unga na mahindi yaliyolowa yaanikwe juani siku ile ile.

Mengine kwa kifupi

Mafuta ya taa tusiyaweke kwenye chupa ya soda. Kostiki ya kutengenezea sabuni inaunguza kinywa na koo. Vikundi vya sabuni vifunge ndoo zao. Dawa ya klorini ya unga ifunikwe. Betri zilizokwisha za tochi na redio zisitupwe uani, mbwa anazitafuna na mtoto anazinyonya. Maganda ya mihogo michungu na maji iliyorowekwa yasiachwe wazi, yana sumu kwa mbwa na kwa mbuzi. Mchuzi wenye vitunguu vingi ukimpa mbwa kila siku unamharibu damu. Mbegu za mbono za kwenye uzio na za mnyonyo zinafanana na karanga, lakini ni sumu. Wafundisheni watoto wasizivunje na kuzila.

Mbwa akishakula sumu

Hapa kambini bila kibali hatutoki, na daktari wa mifugo hayuko mlangoni. Kwa hiyo nawaambia ukweli: mara nyingi tiba ya kweli ni kuzuia. Lakini yako ya kufanya:

1. Mtoe mbwa kwenye sumu, mweke nje kivulini, mahali pa kimya. Watoto wakae mbali.

2. Usimtie mkono kinywani. Mnyama mwenye maumivu anauma hata bwana wake.

3. Usimnyweshe kitu kwa nguvu. Maziwa si dawa ya sumu, na sumu nyingine huingia mwilini haraka zaidi zikikutana na mafuta ya maziwa. Mafuta ya kula hivyo hivyo. Maji ya chumvi yenyewe ni sumu, yanaweza kumuua mbwa ambaye angepona. Makaa ya jikoni si yale makaa ya hospitali.

4. Usimtapishe mwenye mafuta ya taa au kostiki. Kilichounguza kikishuka, kitaunguza tena kikipanda.

5. Tunza pakiti au kijifuko. Mtume mtu kwa kiongozi wa kijiji amtafute bwana mifugo, na umweleze saa aliyokula na alichokula.

6. Akifa, mfukie kwenye shimo refu la mita moja au zaidi, mbali na maji, pamoja na matapishi. Nyama yake asiliwe na mtu wala mbwa mwingine.

Kama aliyekula ni mtoto, hakuna kungoja dalili. Mbebe, chukua na pakiti, kimbia hospitali. Usimtapishe njiani.

Ni sumu au ni kichaa cha mbwa?

Nilisema jino la Watasema lilinichubua. Siku ya pili muuguzi wa zahanati alipokiona kidole akaniuliza: "Baba, mbwa huyo alichanjwa?" Nikanyamaza. Akaniambia mbwa anayetokwa na mate, anayeyumba, aliyekakamaa, anaweza kuwa na sumu na anaweza kuwa na kichaa. Kwa kawaida sumu inakuja ghafla, na kichaa kinaanza kwa mbwa kubadilika tabia kwa siku kadhaa: anauma bila sababu, sauti inageuka, taya linalegea. Lakini kwa macho huwezi kuapa. Na kichaa kikishaanza dalili kwa mtu, ni kifo.

Nilichomwa sindano zote za chanjo, sikuruka hata moja. Kwa hiyo ukiumwa, ukikwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usipake dawa ya kienyeji, usifunge kidonda. Na chanjo ya mbwa ikitangazwa, wapelekeni wote kuanzia wa miezi mitatu, kila mwaka.

Panya sasa tuwafanyeje?

Mtaniuliza: bila dawa, posho italiwa yote? Hapana. Sisi tulifanya hivi. Kwanza tukaziba matundu kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa. Pili, unga tukautia kwenye ndoo yenye kifuniko na madebe ya mafuta. Makombo hayalali nje.

Tatu, mtego wa ndoo. Tia maji nusu ya ndoo. Toboa kopo tupu pande zote mbili, pitisha waya, lilale katikati ya mdomo wa ndoo likiweza kuzunguka. Lipake karanga zilizosagwa au bugali wenye mafuta. Egemeza ubao, panya apande. Akikanyaga kopo linazunguka, anatumbukia. Usiku wa kwanza tulipata wanne, na hatukulipa hata senti. Ila mtego huo nao usiuache mchana mahali mtoto mdogo anapopita, maji ya ndoo ni hatari. Asubuhi mwaga, geuza ndoo.

Kama ni lazima dawa, iwe yenye jina na maelezo. Iweke ndani ya sanduku lililofungwa na kuwekewa jiwe juu, lenye tundu la kupita panya tu. Hesabu ulivyoweka, asubuhi hesabu vilivyobaki. Okota panya waliokufa uwafukie.

Na jirani je?

Neno la mwisho ni zito kidogo. Wapo wanaotega nyama yenye sumu kwa makusudi kwa sababu mbwa wa jirani amekula mayai au ameuma kuku. Hasira hiyo ina haki yake. Mwenye mbwa amfunge mchana, amlishe, alipe alichoharibu. Lakini nyama ya sumu uliyotupa njiani haijui inamtafuta nani. Itamkuta mbwa wa mwingine, kuku wako mwenyewe, au mtoto aliyetumwa maji. Ugomvi wa mbwa upelekwe kwa wazee wa kijiji, wapo kwa ajili hiyo.

Sisi sasa tuna mbwa mwingine, bado mdogo. Watoto wamemwita Tumejifunza. Kila jioni kabla ya kulala, mama watoto anachukua tochi, anapiga magoti, anamulika chini ya kitanda na nyuma ya gunia. Hata wewe leo jioni, kabla hujafunga mlango, piga magoti umulike chini ya kitanda chako.